Aliyeshika Nyuma ya Mpiko

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, kwa sababu haya sikuhadithiwa na mtu. Yalinipata mwenyewe, mchana kweupe. Wala sikuwa nimelewa, kama wanavyosema watu wa mtaa wa Dunda ambao kazi yao ni kukaa barazani na kuchambua mambo ya wenzao.

Wakati huo nilikuwa mchukuzi wa sandarusi, ile gundi ngumu ya miti ichimbwayo ardhini, naitoa Mkange naileta Bagamoyo. Wazungu huiyeyusha wakang'arishia magari yao ya farasi, mpaka mtu, nasikia, akajiona uso ubavuni mwa gari. Magari hayo sijapata kuyaona. Nilichokijua mimi ni unga wake, ule unaopukutika sandarusi ikisafishwa. Ukipata cheche moja tu, huwaka kabla hujamaliza kusema bismillahi. Kwa hiyo sisi wa unga tulitembea nyuma kabisa, mbali na wenzetu wenye viko na vyungu. Hatukuwasha moto, hatukupika, tulitafuna muhogo mkavu. Jioni tuliwaona wenzetu kwa mbali wakiota moto na kucheka, na sisi wawili wa unga tumekaa gizani. Ni kazi ya upweke ile, niamini.

Mzigo ulining'inia katikati ya mpiko, mti unaobebwa begani na watu wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma. Mimi nilikuwa wa mbele siku zote. Na wa mbele hageuki, maana akigeuka mzigo unayumba na unga unamwagika. Mnazungumza hivyo hivyo, wewe unaitazama njia, mwenzako anakitazama kisogo chako.

Safari hiyo, tulipokwisha kuvuka mto Wami, mwenzangu alishikwa na homa akaachwa kijijini. Msafara ulikuwa umekwisha kutangulia. Nikabaki njiani na mzigo wangu, jua linapanda, na mtu hata mmoja simwoni. Ningefanya nini? Nilikuwa nimeinama nakaza kamba ya mbele niliposikia sauti ya kijana nyuma yangu.

"Salaam aleikum, ndugu yangu. Shika huko mbele, mimi huku nimekwisha kushika. Nakwenda kwetu Kaole."

Sikumtazama. Kwa furaha niliyokuwa nayo, nani angekumbuka kumtazama? Niliitikia salamu, nikainua.

Alikuwa na maneno matamu kijana yule. Alinisimulia habari za mama yake, Bi Zuhura, ambaye kila kuku wake ana jina na kila mmoja hugombezwa kwa kosa lake. Nilicheka mpaka mpiko ukatikisika. Tulipopumzika adhuhuri tuliegemeana migongo. Mgongo wake ulikuwa wa baridi kama mtungi wa maji, nami kwa joto lile nikashukuru tu. Mpumbavu mimi.

Baadaye kidogo mbuga ikashika moto. Majani yalikuwa makavu, upepo unavuma, moshi umetanda pande zote mbili za njia. Nikataka kutupa mzigo nijiokoe.

"Usitupe," akasema. "Ukitupa, unga utamwagika na tutawaka sote. Wewe tembea, cheche niachie mimi."

Nikatembea. Nywele zangu zilinuka kuungua, lakini unga haukushika. Tulitokea upande wa pili, tukafika mto Ruvu, ambako mvushaji alikuwa ameketi ndani ya mtumbwi wake. Aliponiona alisimama ghafla.

"Wewe bwana, huo mpiko nyuma kashika nani?"

"Kijana wa Kaole," nikamjibu.

"Mimi naona mti umekaa hewani!" Alishika ukingo wa mtumbwi. "Kijana wa Kaole nilimvusha kiangazi kilichopita akienda, wala hakurudi. Aliungua na sandarusi mbugani humo. Moto ulipokuja, mwenzake wa mbele alitupa mti akakimbia."

Nyuma yangu yule kijana akasema polepole, "Na wewe ukitaka kukimbia, kimbia. Sitakulaumu."

Sasa niambie, ungefanya nini? Nilimwogopa, sikufichi, jasho lilinitoka mpaka nyayoni. Lakini tangu asubuhi alikuwa amenibebea nusu ya mzigo, na tangu nianze kazi ile hakuna aliyewahi kuzungumza nami vile. Nikamwambia mvushaji, "Tuvushe. Tuko wawili." Alituvusha huku akisoma dua zote alizozijua.

Bagamoyo sikusimama kwa tajiri mwenye mzigo. Nilipita na mzigo wake moja kwa moja hadi Kaole. Kadiri tulivyokaribia nilisikia pumzi za kijana zikienda mbio.

Bi Zuhura alikuwa uani anafungia kuku. Aliinua uso, asinitazame mimi, akatazama juu ya bega langu.

"Mwanangu," akasema. "Mbona umechelewa hivi?"

Hapo mpiko ukawa mzito, ncha ya nyuma ikagonga chini. Ndipo nikageuka. Mtu hakuwapo. Ile ncha ilikuwa nyeusi, imeungua pale pale panapokaa bega.

Mama yule alilia sana. Kisha akanishika mikono, akaniuliza mwanawe alikuwa akisema nini njiani. Nikamweleza yote, hata ya kuku, akawa analia na kucheka. Alinipikia wali wa moto, nikala.

Habari zilifika mjini kabla yangu. Hakuna mchukuzi aliyekubali tena kushika mpiko nami, nikaacha kazi nikarudi kwenye jembe. Mgongo wangu haujapata joto tangu siku ile, hata nikae juani.

Nawe ukipita mbuga ile wakati wa kiangazi, ukasikia mtu anakusalimu nyuma, usikimbie. Walioachwa pale ni wengi. Mfikishe kwao. Lakini nakuonya, usimzoee. Mimi nilimzoea kwa siku moja tu, na mpaka leo nikiwa njiani husema neno, nikangoja nijibiwe, na nyuma yangu hakuna mtu.