Sumu Aliyosingiziwa Mama Berthe

Malika alisoma biolojia Kisangani, binti wa watu waliohama Maniema, na aliyemsomesha ni tonton Kasongo, mjomba aliyekaa naye. Mara nyingi alikwenda upande wa Masako, kwenye kijito kilichopita chini ya shamba la tonton, kuchota wadudu wa majini kwa neti. Aliwapenda zaidi watoto wa kereng'ende, kwa sura yao mbaya na ulafi wao.

Msimu huu neti ilitoka tupu. Aligeuza vijiti vilivyozama. Ule utelezi wa kijani unaoliwa na wadudu ulikuwa umepauka na kubanduka. Huko chini mama Berthe, anayevua kwa kuziba kijito na kuchota maji kwa beseni, naye hakupata samaki. Kijiji kikamsingizia kwamba ametia sumu. Vijana walimvunjia vikapu vyake vya kuvulia, wakamfukuza kijitoni, Kasongo mbele yao akipiga kelele.

Malika alimfuata tonton shambani, kwenye magugu yaliyokaushwa kwa dawa.

"Tonton, pompe ya dawa unasafishaka wapi?"

"Ku mutoni. Wapi tena?"

"Donc iko weye!"

"Sikia, mutoto. Ile dawa inauaka majani. Haiuake nyama, haiuake samaki."

"Na ule utelezi iko nini? Ikikufa, wadudu wanakosa chakula, samaki wanakosa wadudu. Na weye uliacha wavunje vitu ya mama Berthe!"

"Nyamaza! Nani anakusomeshaka?"

Alinyakua ile pompi ya kunyunyizia, akaibeba mpaka kwa kapita, mkuu wa kijiji, akaibwaga mbele ya wanaume waliokuwa wameketi.

"Sumu iko hii, ya tonton yangu. Bon, nani ataivunja?"

Hakuna aliyeinuka. Wale vijana waliovunja vikapu kwa furaha walitazama chini. Kapita alikohoa, akasema mama Berthe anaweza kurudi kijitoni. Kuomba radhi, hakuna aliyeomba.

Jioni hiyo Malika alikuta mizigo yake nje ya mlango. Akahamia kwa Lydie, anayesoma naye. Sasa Kasongo anasafisha pompi katikati ya shamba, na mvua inateremsha dawa ileile hadi kijitoni. Wakikutana njiani, hawasalimiani.

Mama Berthe amesuka vikapu vingine. Anaziba, anachota, na beseni bado linatoka na maji matupu. Malika akimwona hivyo, hasira humrudia upya.