Mama wa Kwenye Wimbo

Mjomba Selestini hana sauti. Si bubu, anaongea, ila inatoka kama mtu anayeburuta jembe kwenye kokoto. Tangu ujana wake anapulizia salfa mikorosho ya watu hapa Makote, mashine mgongoni, mdomoni kafunga kitambaa tu. Salfa inaua ugonjwa wa maua. Kooni kwake imeua na kilichokuwemo.

Zamani alikuwa anarap. Kwenye sherehe za kuwatoa vijana jandoni akishika maiki, wazee wanaacha kunywa. Siku hizi anatunga tu, na hatumii kalamu. Anatunga alfajiri shambani, mashine ikinguruma, akirudi anakaa kwenye kigoda, miguu imekuwa ya njano, ananighania mimi kwanza. Mimi huwa sisemi kitu. Nisipoondoka, anajua mstari umefaa.

Anayeiimba mistari hiyo ni Awadhi, dereva wa bodaboda wa Masasi. Sauti anayo, sura anayo, maneno ndiyo hana. Hupanda kwetu na pikipiki, anaishika mistari kwa kichwa, anashuka kwenda kurekodi. Jina linalotajwa ni lake peke yake.

Wenzake wanajua. Siku moja nilishuka mjini nikawakuta kijiweni, na Suleimani, mwenye mdomo kuliko wote, alikuwa anamsema mbele ya abiria.

"Oyaa, bwana harusi wa kutongozewa! Leo babu kakutungia nini?"

"Suruali hiyo umeshona mwenyewe?" Awadhi akamjibu. "Fundi kashona, wewe umevaa, umependeza. Basi."

"Suruali siyo ulimi, mwanangu. Rapa asiyejiandikia ni spika. Tena ya kuchaji."

Wakacheka mpaka abiria akashuka kwenye pikipiki akaenda kupanda nyingine.

Niliporudi nilimweleza mjomba. Alikuwa anavua viatu na hakuinua kichwa. "Jandoni anayetunga siye anayeimba," akasema. "Wimbo anapewa mwenye koo. Ndivyo tulivyofundishwa. Mimi nimechoka kubishana na watu wenye sauti."

Bibi yangu Severina, mama yake mjomba, alifariki msimu uliopita, korosho zikiwa zinadondoka. Mjomba hakulia makaburini. Alisimama tu, akashika koleo, akafukia. Ulipofika wakati wa salfa, asubuhi moja alirudi, akakaa, akaghani:

*Udongo mwekundu wa Makote umemmeza mama,*
*msalaba wa mti wa mkorosho kwa mvua umeinama.*
*Korosho zimedondoka, nani ataziokota?*
*Mgongo wake uliopinda leo ndio umenyooka.*

Sikuondoka. Wala sikumtazama.

Nilidhani huo atabaki nao. Awadhi alipokuja, akampa. Nikamuuliza kwa nini, na mimi si mtu wa kuuliza.

"Nataka asikike," akasema. "Kwangu hatasikika."

Wimbo ukashika kweli. Ulipigwa kwenye maduka, kwenye simu za waokotaji, kwenye mabasi. Wimbo ukimpita mjomba njiani, anasimama, anajifanya anatoa mchanga kwenye kiatu, mpaka uishe.

Ukafika Lulindi, kwa ndugu za mama yake Awadhi. Wakasikia Awadhi kamzika mama yake na hawakuambiwa. Wakapiga simu ya mama, haipatikani, kumbe haina chaji. Basi wakajifunga kanga, wakachanga unga, wakapanda gari. Walianza kulia tangu barabarani. Wakamkuta marehemu mlangoni anapepeta mchele.

Siku ya pili mama mwenyewe alikuja kwetu, kakaa nyuma ya pikipiki ya mwanawe, ndoo ya unga mapajani. Anaitwa Mwanaisha. Nikampokea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mjomba wako yuko wapi?"

Mjomba alitoka ndani akiwa na kitambaa chake cha salfa mkononi. Mama hakungoja kigoda.

"Baba Rose, umenizika."

Rose ni binti yake mjomba, kaolewa Newala mjini.

"Mama Awadhi, yule si wewe."

"Kinywa kinachosema 'mama' ni cha mwanangu! Mama yake nani kama si mimi? Na msalaba mkaniwekea! Mimi, ninayefunga Ramadhani nikaunganisha na sita za Shawwal!"

Awadhi akacheka. Mama yake akamgeukia, kicheko kikaishia puani.

"Nitabadilisha, mama. Ule msalaba nautoa, naweka..."

"Unaweka nini? Mwezi? Ukitoa msalaba ndiyo nitafufuka?"

"Futa tu," mjomba akasema. Tulikuwa hatujamsikia vizuri, ikabidi arudie. "Ufute, Awadhi. Kasikika kidogo. Inatosha."

Alisema hivyo huku anakamua kile kitambaa, na kilikuwa kikavu. Mama Awadhi aliiona mikono. Akatua ndoo, akakaa.

"Alikuwa anaitwa nani?"

"Severina."

"Ulimlilia?"

"Sauti sina, Mama Awadhi."

"Kwani kulia kunataka sauti nzuri?" Hasira ilikuwa imemwisha, alionekana amechoka na safari. "Mistari ya wasichana mpe huyu, aimbe mpaka pumzi imwishe, mimi simo. Lakini mama yako mwimbie wewe. Huyu mama yake yupo. Jana kampikia."

"Hawatasikiliza."

"Wasisikilize. Mimi nitakuwa hai."

Awadhi akaufuta mtandaoni pale pale, mama yake akiangalia kidole. Halafu akaiweka simu juu ya kigoda, katikati yetu, akamwambia mjomba, "Sema, mzee. Inachukua."

Mjomba akasema. Mstari wa pili alikohoa, akaanza upya. Alipofika kwenye mgongo akageukia mlango, nikafikiri amekata tamaa. Kuku walipita. Akamalizia. Awadhi hakuongeza kitu, alikuwa anapiga tu kidole kwenye tangi la pikipiki, taratibu, kama ile mashine ya salfa ikiwa mbali.

Wimbo huo mpya haukushika. Kijiweni, Suleimani aliuliza ni mzee gani anakoroma, wakauzima. Awadhi bado anapanda kuchukua mistari, mjomba bado anampa, na jina bado ni moja. Hakuna kilichobadilika hapo, na mjomba hajaomba kibadilike.

Lakini siku ile, walipotaka kuondoka, ndoo ilibaki mlangoni. Nikaibeba niwafungie kwenye pikipiki.

"Iache," Mama Awadhi akasema. "Unga wa msiba haurudi ulikotoka. Na mimi siwezi kula unga wa kifo changu. Uliletwa kwa mama wa kwenye wimbo. Ni wenu."

Nikawasha moto. Ikabidi wangoje wale. Nilisonga ugali, nikaweka kisamvu kilichobaki, tukakaa wote wanne kwenye mkeka. Mjomba alikata tonge, akalishika muda mrefu bila kulipeleka mdomoni. Kisha akajifuta macho kwa kile kitambaa, salfa ikamwingia, machozi yakazidi, na safari hii akayaacha yatoke.

Mama Awadhi alimsogezea bakuli la mboga.

"Kula, Baba Rose," akasema. "Pole na msiba."