Chupa ya Mwana wa Mfalme

Wageni wakija mjini kwetu Pakhan kwa sikukuu hudhani mzimu wetu, Mwana wa Mfalme, ni wa walevi. Loo! Wameona chupa, kuku wa kukaanga na jogoo wa kupigana madhabahuni pake, basi wamemaliza kumjua. Nimempigia ngoma miaka thelathini na moja, na maneno hayo hunichemsha damu. Yule alikuwa jemadari, akafia vitani.

Aliyenifunza hayo ni dada yangu, Daw Hnin Yi. Alikuwa akiuza mbaazi za kuchemsha, na alipofika miaka kumi na tisa mzimu ukampanda. Tangu hapo ndiye mfungua ngoma, anayecheza wa kwanza kila sikukuu. Sharti ni moja: Mwana wa Mfalme akishampanda, anywe chupa nzima ya pombe kali ya mti wa mvumo. Akishindwa, nafasi humwendea mwingine, wala hairudi.

Mwaka jana ini likamharibika. Daktari akamwambia chupa moja tu itamuua. Habari zikamfikia Thazin, kijana anayepandwa na mizimu vilevile, naye akaja mbiombio.

"Shangazi, pumzika. Sisi tupo."

"Pumzika wewe, mwanangu, uliyechoka kabla ya kazi."

Nikamsihi, "Dada, mwachie. Utakufa!"

"We piga ngoma."

Mchana wa sikukuu Thazin alikuja amekwisha kujifunga kilemba chekundu cha mfungua ngoma. Nikapiga. Dada akatetemeka, macho yakambadilika. U Tha Dun, mzee mtunza madhabahu, akampa chupa, na umati ukapiga mbinja: "Kunywa! Kunywa!"

Akaiinua.

Akairudisha kifuani pa mzee, akachomoa upanga wa ngoma kiunoni. "Nani ananipa pombe na adui yuko ng'ambo ya mto?" Sauti ilikuwa nzito, ya kiume. "Ngoma ya vita!"

Mapigo hayo sikuwa nimeyapiga tangu ujanani, lakini yakaja yenyewe. Bibi wa miaka sitini na saba akacheza upanga mpaka vumbi likamfunika, nami nikalia huku napiga, sioni haya kusema.

U Tha Dun akamfuata na chupa yake. "Bwana, ni haki yako. Kunywa."

"Aendaye vitani hanywi. Hunywa akirudi." Akawatazama watu wote. "Mimi nilirudi?"

Mzee akapiga magoti. Thazin akafungua kilemba chake, akakitandika miguuni pa dada yangu.

Baadaye, nyuma ya madhabahu, nikamnong'oneza, "Dada, alisema yeye au ulisema wewe?"

Akajifuta jasho. "Miaka thelathini na moja unampigia, bado huijui sauti yake?"

Yeye bado ndiye anayefungua ngoma. Chupa ile iko madhabahuni, imejaa, na hakuna Pakhan nzima anayethubutu kuifungua kabla mwenyewe hajarudi.