Mama Bomba na Maji Yake

Majirani walimbandika jina la Mama Bomba, naye hakulikataa, maana kazi yake ilikuwa hiyo hasa: kufungulia maji. Ila bomba lake lilikuwa mto mzima. Usiku mto ule uliingizwa handakini ukazungushe mitambo ya umeme, na yale maporomoko yanayosifiwa dunia nzima yakabaki mwamba mtupu wenye michirizi. Asubuhi, kabla watalii hawajajaa, Mama Bomba alipiga king'ora, akabonyeza kitufe, milango ya chuma ikainuka, na mto ukarudi kwenye njia yake. Kisha ilimbidi akae palepale kwenye chumba cha mitambo, macho kwenye vipimo, mpaka kituo cha umeme kipige simu kwamba mambo ni shwari.

Sasa shangaa nawe. Mwanamke huyu, aliyefungulia maporomoko tangu ujana wake hadi akaitwa bibi, hakuwahi kuyaona maji yakifika. Yalianguka mbali, nyuma ya kona ya mto.

Aliyeyaona ni mumewe, mpiga picha wa watalii. Kila siku alirudi shati limelowa, akasimulia mpaka chakula kikapoa.

"Leo maji yako yalikuja na upinde wa mvua, mama watoto."

"Kula, bwana wewe."

Siku za mapumziko alimwalika, naye hakukosa kisingizio: mara magoti, mara nguo hazijakauka. Ukweli ni kwamba aliogopa. Je, akikuta ni maji tu, yanaanguka kama maji mengine? Umri wake wote ungekuwa umeishia kwenye kitufe. Heri asijue.

Lakini Ijumaa alikuwa anastaafu, na baada ya hapo maji yangekuwa ya mtu mwingine. Alhamisi akapiga moyo konde, akabadilishana zamu na mwenzake, akashuka na mumewe hadi kwenye ukingo wa kutazamia. Muuza chai wa pale, aliyemfanya mpiga picha kuwa kaka yake, akamkaribisha kwa kikombe.

"Leo wifi umetukumbuka!"

King'ora kililia. Kule chumbani kilikuwa kikimtoboa masikio. Huku kilisikika kama mbu. Halafu kimya. Mwamba ulikuwa vilevile, mkavu, na Mama Bomba akaanza kutapatapa.

"Mbona hakuna kitu? Mlango umekwama, nakwambia. Nipigie simu—"

"Tulia. Maji yanatembea."

Aliyasikia kwanza miguuni. Ardhi ilitetemeka chini ya kandambili zake, chai ikacheza kikombeni. Kule juu ukingo wa mwamba ukageuka mweupe, uzi mmoja, nyuzi mbili, kisha mto wote ukajitupa. Ngurumo ikameza sauti za watu. Upepo wa maji ukamvua kitambaa cha kichwa asijue. Mama Bomba aliogopa, akafurahi, akaogopa tena. Kitu kikubwa namna hii! Na kidole chake hiki hiki! Alikitazama kidole kana kwamba ni cha mtu mwingine.

Akageuka amwambie mumewe. Mumewe hakuwa anatazama maporomoko wala hakuwa ameshika kamera. Alikuwa ameinua mkono juu, anaupungia mto, kule nyuma ya kona iliko milango ya chuma.

"Unampungia nani?" alimpigia kelele sikioni.

Mzee akaushusha mkono haraka, uso umemshuka kwa haya. "Aa, mazoea tu."

Muuza chai, aliyekuwa amewasogelea, akacheka hadi akashika kiuno. "Wifi, kwani hajakwambia? Maji yakifika tu, huyo mkono juu. Tulimwambia, 'Mke wako hakuoni,' akasema anajua."

Machozi yalimtoka Mama Bomba, na kwa jinsi alivyolowa hakuna aliyeyatambua isipokuwa mmoja.

Jumamosi, siku yake ya kwanza bila kazi, alikuwa pale ukingoni mapema. Ardhi ilipotetemeka aliinua mkono, akampungia yule mwenzake aliyejifungia chumbani na vipimo vyake.