Gunia Kwenye Rejeta

Siku ile gereji walikuwepo Mzee Karim, mwenye gereji, aliyeniuzia kigari cha mizigo aina ya kirikuu, fundi wake Shabani, na mdogo wangu Elia, niliyemlea tangu tuwe yatima. Tuliuza shamba la marehemu mama tukanunua gari, nalo likachemsha njiani kutoka Mtinko tulikobeba alizeti.

Niliingia gereji bila kumwamkia mzee. "Umetuuzia injini mbovu! Umekula shamba la yatima!"

Shabani akafungua boneti, akachomoa gunia lililoziba hewa ya kupoza injini mbele ya rejeta. "Gari lilisikia baridi?"

Nililiweka mwenyewe kuzuia makapi ya alizeti yasiingie, nikalisahau. Magunia yetu huandikwa majina yasichanganyike kwenye mashine ya kukamua mafuta.

"Hebu soma, mwanangu," mzee alimwambia Elia.

Elia akasoma jina langu.

Injini ilishaungua. Na shikamoo ya Mzee Karim bado nadaiwa.