Dawa ya Japon ya Mama Émérance

Mama Émérance ni jirani yangu hapa mutaa wa Katindo. Ukuta wetu ni mbao tu, na miaka yote hii nimelala na kuamka na kikohozi chake. Si mafua yale ya kupita. Alikaanga maandazi, beignets za kuuza, kwa kuni tangu usichana wake, ndani ya jiko lisilo na dirisha, na docteur alimwambia wazi: moshi umeharibu mapafu, hayaponi tena. Bwana yake alishakufa. Mutoto ni mumoja, Joviale, na yuko Japon, ameolewa huko.

Kila jioni Joviale alipiga simu. Mama akikohoa, mutoto analia. Ndipo akatuma dawa ya asili ya huko: unga wa mizizi ndani ya vipaketi, unakoroga na maji ya moto, unakunywa kabla ya kula. Ilipitia Kigali, ikavuka mpaka wa Gisenyi ndani ya sanduku la mutu. Harufu yake, ee Mungu wangu! Lakini ilimsaidia. Pumzi ilibaki fupi vilevile, ila kikohozi kilitulia. Nilishukuru kuliko hata mugonjwa mwenyewe, maana nami nilipata usingizi.

Joviale alifurahi sana. "Mama, hukohoi tena! Basi nitakuwa napiga mara moja kwa juma, dimanche." Na hiyo dimanche ikawa mara mojamoja. Mama Émérance akawa anakaa na simu mapajani, hata sahani haoshi. Upweke ulimmaliza, na mimi iliniuma kumtazama.

Halafu kikohozi kikarudi, kibaya, na simu za kila jioni zikarudi pia. Niliingia kwake na hasira zangu, nikakuta vipaketi vimejaa kikapo, havijafunguliwa.

"We mama, uko na akili kweli? Mutoto anatuma dawa toka mwisho wa dunia, wewe unaiweka mapambo?"

"Ni dawa nzuri," akasema. "Nzuri kupita kiasi. Nikiikunywa, hakuna mutu ananipigia."

Nikachukua kipaketi kimoja. Nikachemsha maji, nikakoroga, nikamupa kikombe. Kabla hajakigusa simu ikalia. Alipokea, akataka kusema "Joviale," kikohozi kikamkamata, akainama mpaka magotini, simu ikaanguka kwenye mukeka. Tukamsikia mutoto analia ndani ya simu: "Mama! Mama! Uko? Nijibu, Mama!"

Nilinyoosha mukono niichukue. Mama Émérance akanishika, machozi yanamtiririka, akatikisa kichwa.

"Ngoja kwanza," akasema kwa shida. "Acha aniite."