Kijiko cha Kuonjea

Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru, na mwaka ule Ramadhani iliangukia Novemba, mwezi wa mtihani. Kwetu Gakindu ulikuwa mwezi wa kahawa pia, kwa hiyo kila Jumatatu nilirudi shuleni Nyeri na vidole vyeusi na macho mazito, nimechoka kuchuma na nimechoka kukariri. Darasa zima la kidato cha nne lilikuwa hoi. Tulikuwa Wakikuyu, Wameru, Mhindi mmoja na rafiki yangu wa Majengo, mtaa wa Waislamu pale mjini, na vitabu vilikuwa vimetutokea puani sote.

Rafiki yangu ndiye pekee aliyekuwa amefunga. Alitaka kusomea ualimu wa upishi, na chuo kilidai alama za juu katika somo hilo. Kwa kupika alitushinda sote. Chapati zangu mimi zilihitaji meno ya ng'ombe.

Mwalimu wetu, Mwingereza mpole asiyecheka, alitufundisha kwamba mpishi lazima aonje chakula kwa kijiko chake, na mtahini amwone. Asiyeonja hukatwa alama. Rafiki yangu alipomweleza habari za saumu, mwalimu alisema anasikitika. Mtihani ulitungwa ng'ambo, na huko hakukuwa na wa kuulizwa.

"Mama anasema kuonja kwa ulimi si kitu, mradi niteme," rafiki yangu aliniambia tukivaa aproni. "Hapa nitatema wapi?"

Kweli, angetema wapi? Kutema kwenye sinki mbele ya mtahini kungemmaliza kabisa kwenye alama za usafi.

"Si uweke tu kijiko kwa mdomo kikiwa tupu," nikamwambia. "Nani atajua?"

"Na chumvi je, nitaijuaje?"

Tukaingia.

Mtahini, mama mmoja mnene mwenye miwani, alifika mezani kwake mchuzi ukichemka, akasimama. Rafiki yangu akachota, akapuliza, akatia mdomoni. Akabaki hivyo, midomo imefumba, mashavu hayasogei. Mimi niliyekuwa meza ya pili niliacha kumenya karoti, nikaomba yule mama aitwe nje, au angalau apige chafya. Hakubanduka. Kisha nikaona koo la rafiki yangu likicheza. Alikuwa amemeza. Akaongeza chumvi kidogo, akaosha kijiko, na mtahini akakunja uso, akaandika kitu, akaenda zake.

Baadaye tuliruhusiwa kula tulichopika. Nilikula kama mtu aliyetoka jela. Yeye alikaa kando yangu, mikono mapajani.

"Kula basi, si saumu imeshaharibika?" nikasema. Nilikuwa nimechoka, na ukaidi wake ulinikera.

"Nitakaa hivi hivi mpaka magharibi. Hii siku nitailipa."

Matokeo yalipotoka, upishi alipita, lakini si kwa alama walizotaka chuoni. Mimi, mwenye chapati za kuvunja meno, masomo mengine yalinibeba, nikapata nafasi ya ualimu. Nilikwenda Majengo kumuaga. Nilimkuta kibarazani akichambua mchele, midomo imemkauka. Mama yake akaniletea chai, kikombe kimoja tu.

"Unafunga nini, na Ramadhani iliisha kitambo?" nikamuuliza.

"Nalipa ile siku ya mchuzi."

Nilisema pole. Nikasema pia kwamba pengine chuo kingine kingemchukua, maneno ya mtu asiyejua la kusema. Aliokota jiwe kwenye mchele, akalitupa uani.

"Saumu nimepewa siku ya kuilipa," akasema. "Huo mtihani wenu, sikupewa."

Alisema bila hasira, na ndiyo maana iliniuma. Chai ilipoa mkononi mwangu, na yeye akaendelea kuchambua mchele wa kufuturu.